Maziwa ya Idil ni Kikombe cha Kahawa

Deeq na Batula wanangu,

Maneno ya sokoni yamenikosesha raha: eti dada yenu Idil alitolewa tumbo lote kule Nairobi, sasa anaishi kwa maji ya sindano. Asubuhi hii, nikiosha matumbo ya mbuzi, nikamuuliza. Akacheka, akachukua tumbo moja, akalikunja mpaka likawa kama ndizi nyembamba. "Hooyo, hiki ndicho nilichobakiwa nacho. Kingine kilikatwa, pakashonwa." Na kumbe ile sehemu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ikipeleka habari za njaa kichwani! Wallahi nimeshangaa. Mungu aliificha njaa mahali pake, na daktari akapajua.

Nikamwambia, "Mbuzi wangu ana matumbo manne, wewe hata moja halijatimia." Lakini alfajiri ya leo amesujudu chini, bila kile kiti alichokuwa akiswalia kwa sababu ya unene. Nimelia peke yangu.

Naenda kumchukulia dawa. Shangazi yenu Fathi anafika leo nikiwa sipo, kutoka Hulugho na maziwa ya ngamia, na mnamjua: mgonjwa asipomaliza bakuli, yeye anaona ametukanwa. Mshono wa ndani bado mbichi, tumbo likijazwa utaachia. ~~Mwambieni Fathi kwamba Idil amelala.~~ Hapana, mwambieni ukweli. Mmiminieni Idil maziwa yanayojaa kikombe kidogo cha kahawa tu, anywe polepole.

Hooyo

Ya kuepuka:
- nyama kavu na mkate wa anjera, bado
- soda, na chai ya sukari nyingi
- maji pamoja na chakula
- kumwambia "Ongeza kidogo tu, kwa ajili yangu." Hata mimi nikisema hivyo, ninyamazisheni.