Mtaalamu wa Ndege Aliyekwenda kwa Basi

Jumanne, mwezi wa saba, saa sita mchana. Upepo, vumbi, na ile baridi yetu inayomfanya mtu avae sweta juani.

Kwa masikitiko yaliyochanganyika na heshima, nawatangazia wakazi wote wa Kikuyu, hapa Dodoma, na vitongoji vyake kwamba Mama Neema, mke wangu wa miaka kumi na tisa, ambaye mpaka leo propela ya ndege anaiita feni, amepanda ndege kwenda Dar es Salaam. Mimi, mtaalamu, nilikwenda kwa basi. Shughuli za kawaida ziendelee. Bendera zisishushwe.

Nimechoka. Ningekuwa nimechoka miguu tu, ningelala.

Anayenifahamu anaujua ugonjwa wangu. Nina madaftari matatu yaliyojaa namba za ndege, zote zikianza na 5H, alama ya ndege za Tanzania, na saa ambayo kila moja ilitua. Wenzangu ofisini wananiita Rubani. Ndege mpya hazinisumbui. Zangu ni zile kuukuu. Dakota, ndege ya enzi za mkoloni, nilimwona mara moja tu nikiwa darasa la tatu, mkia chini pua juu, kama mbwa aliyeketi akisubiri mfupa. Nilichelewa shule kwa ajili yake, nikachapwa, na sijajuta.

Lakini kipenzi changu ni ndege ya abiria iitwayo Friendship. Mabawa yamewekwa juu ya madirisha, kwa hiyo popote unapokaa unaona kila kitu kilicho chini. Madirisha yenyewe makubwa, ya umbo la yai. Injini zikiwashwa zinapiga mluzi mpaka mbwa wa Kikuyu wote wanaitika.

Tangu milango ya biashara ifunguliwe tumevaa mitumba, tumeendesha mitumba, na sasa tunaruka kwa mitumba. Kampuni moja, siitaji jina, ilileta Friendship iliyokwisha kustaafu huko ughaibuni. Watu walicheka. Mimi nilikwenda kusimama kwenye uzio wa uwanja kama mtu anayempokea mkwe.

Sasa jambo ambalo ofisini hawalijui: pamoja na madaftari yote matatu, nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Hata moja.

Wazo la safari lilikuwa la Mama Neema. Tuna watoto wanne, na safari zake zote za maisha amesafiri mmoja yuko mgongoni, mmoja mapajani, mmoja anatapikia dirishani. Siku moja akikunja nguo akaniambia, "Baba Neema, nataka safari moja tu ambayo hakuna mtu aliyekaa katikati yetu."

Hakuomba Friendship. Friendship niliiongeza mimi. Kwenda kwa ndege, kurudi kwa basi. Hapo ndipo uwezo wetu ulipofika.

Dada yangu Agnes akaja na treni kutoka Gulwe kukaa na watoto. Alipoona begi moja tu mlangoni, akashika kiuno.

"Mnakwenda Dar bila watoto? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, wifi. Tunakwenda kupumzika."

"Mtapumzika kutokana na nini?"

"Kutokana na nyie wote," akajibu Mama Neema, na akacheka namna ambayo sikuwa nimemsikia akicheka tangu Neema azaliwe.

Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mchana Mama Neema alikuwa hewani, nami nilikuwa stendi nikitafuta basi.

Mtaani habari ilifika kabla sijarudi. Leo asubuhi Mzee Hamisi, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale kona, alinisimamisha hata shikamoo yangu hajaipokea vizuri.

"Marahaba, Rubani! Nasikia mama kapaa, wewe ukabaki unapunga mkono?"

"Bunge, mzee wangu. Ijumaa waheshimiwa wanakimbilia Dar. Kilibaki kiti kimoja."

"Aa, hapo sawa." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwenye nchi mwananchi, mwenye kiti mheshimiwa."

Mtaa mzima umekubali. Huo ndio uzuri wa kuishi Dodoma wakati wa Bunge: aibu yoyote ina mheshimiwa wa kuibeba.

Hata Mama Neema nilimwambia hivyo hivyo, Ijumaa usiku nilipomkuta nyumba ya wageni, nikiwa na vumbi la njia nzima kwenye nyusi. Akasema, "Pole." Akanitengea maji ya kuoga.

Tulikaa siku mbili. Tuliamka saa tatu. Hakuna aliyeita "mamaa" kutoka chooni. Tulikula samaki bila kumtolea mtu miiba. Siku ya kwanza tulizungumza habari za watoto tu, kama wazee wa ukoo walioitishiwa kikao. Siku ya pili tukanyamaza pamoja, na kimya kile kilikuwa kizuri.

Mimi, bila haya, nilimhoji kuhusu ndege. Mluzi ulisikikaje mle ndani? Magurudumu yalikunjwa lini? Alikumbuka peremende walizogawiwa.

"Na mto," akasema. "Niliuona umejikunja chini kama mkanda aliouvua mtu. Sikuwa na wa kumwonyesha."

Jana kwenye basi la kurudi, tulipoipita Gairo, alikuwa anamenya chungwa. Hakuniangalia.

"Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, Baba Neema."

Nikatazama nje. Gairo haina cha kutazamwa muda mrefu hivyo.

"Nilikuwekea mkoba, kama kwenye basi. Mhudumu akaniuliza, hapa kuna mtu? Nikasema yupo, anakuja. Mpaka tunatua, mkoba ndio uliokaa." Akanikatia kipande cha chungwa, akanipa. "Pengine mheshimiwa alighairi."

Kwa maneno hayo alinifungulia mlango nitoke. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikatoka.

"Pengine," nikasema.

Basi, niliandike hapa kwanza, mdomo upate mazoezi.

Hapakuwa na mheshimiwa. Nilimwambia Mama Neema atangulie, namalizia jambo na karani wa tiketi. Kisha nikatembea hadi chini ya ngazi ya ile Friendship niliyoipenda kutoka mbali. Kwa karibu niliona viraka tumboni, misumari ya ribiti kwa mamia, rangi mpya juu ya rangi ya zamani. Ilinuka mafuta ya taa kama jiko la mama yangu. Najua mabawa yale yamejengwaje. Najua ndege ile ni imara kuliko mimi. Hata hivyo sikukanyaga ngazi.

"Panda, mzee, tunafunga mlango," karani akasema. Binti mdogo, mpole.

"Mwambie mama aliyetangulia kwamba kiti changu amepewa mheshimiwa."

Akageuka nyuma kutazama. "Mheshimiwa gani, mzee?"

Niliogopa. Sina neno la kitaalamu zaidi ya hilo. Miaka yote nilijisingizia kwamba sipandi kwa sababu ya nauli.

Nikarudi kusimama pale pale ninaposimama siku zote, kwenye uzio. Injini zikapiga mluzi, mbwa wakaitika, ikaondoka vizuri mno. Na mimi, kwa mazoea, nikatoa daftari nikaandika namba na saa.

Nimeandika huko juu kwamba mabawa yako juu ya madirisha, na abiria huona kila kitu kilicho chini. Leo ndipo nimejisoma. Mama Neema alikuwa dirishani. Aliuona uwanja, akauona uzio, akamwona mumewe aliyesema kiti kimejaa, kainama anaandika. Hata mkono sikumpungia.

Siku nne anajua. Na bado alinitengea maji ya kuoga.

Muda wangu kwenye kompyuta hii ya kukodi unakwisha. Agnes amepanda treni alfajiri, watoto wako shule mpaka saa kumi, na Mama Neema yuko nyumbani anachambua mchele. Hakuna mtu katikati yetu.

Nakwenda kumwambia.