Kikao cha dharura kuhusu spika mpya na amplifaya ya kuazima

KWAYA YA ASUBUHI, IKUTI

Tarehe: Alhamisi, 14 Agosti 1997, saa 9:10 alasiri
Mahali: Stoo ya vyombo, nyuma ya kanisa

Waliohudhuria:
1. Mzee Andongwisye – Mwenyekiti
2. Jotham – Katibu
3. Mama Prisca – kiongozi wa sauti ya kwanza
4. Lutufyo – mpiga gitaa

Hakuingia: Atupele, mtunza vyombo. Ni mkamwana wa Mwenyekiti, na kwa mila mkamwana haonani na baba mkwe wala kusemezana naye. Nyumba nyingi za Kikristo zimeiacha mila hii. Ya Mwenyekiti bado. Alisimama nje, upande wa dirisha.

KUMB. NA. 1/97: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala ndefu. Katibu aliomba ifupishwe kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Sala iliendelea.

KUMB. NA. 2/97: HALI YA AMPLIFAYA
Katibu alikumbusha kwamba amplifaya si yetu. Tumeiazima kwa wenzetu wa kwaya ya Kiwira, na barua ya kuazima ina saini moja tu, ya Katibu. Mafundi wa kurekodi wanatoka Mbeya Jumamosi asubuhi na wamesema hawatarudi mara ya pili. Kwaya imengoja kanda yake miaka sita. Bila amplifaya hakuna gitaa, na bila gitaa hakuna kanda.

Siku ya Jumanne, katika majaribio ya spika mpya, mashine ilipata moto kama pasi, ikatoa harufu ya kuungua, na kwenye ubeti wa pili ikanyamaza. Katibu alieleza wazi kwamba tangu siku hiyo ana hofu na mashine hiyo.

Lutufyo alisema Katibu ana hofu za kizee na kwamba mashine imekwisha pona, kwani fyuzi iliyokatika ameishughulikia. Katibu alifungua kifuniko mbele ya wajumbe. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ing'aayo ya ndani ya pakiti ya sigara. Mama Prisca aliuliza pakiti hiyo imetoka kwa mwanakwaya gani. Swali liliahirishwa.

KUMB. NA. 3/97: SPIKA MPYA
Mwenyekiti alieleza kwamba spika mbili za zamani zilipasuka wakati wa Pasaka. Siku hizi bidhaa zimejaa, mtu anachagua, si kama zamani. Yeye na Lutufyo walikwenda Tunduma wakachagua zenye sumaku kubwa kuliko zote. Za zamani ziliandikwa omu 8 kila moja, hizi zimeandikwa omu 4. Alizichukua kwa furaha, kwa hoja kwamba mzigo wa nne ni mwepesi kuliko wa nane, kwa hiyo mashine itapumzika. Aliziunga mwenyewe, sambamba, vilevile kama zilivyokuwa za zamani.

Katibu aliuliza kwa nini mtunza vyombo hakuitwa, ilhali kaka yake ni fundi redio Kiwira na yeye amekaa miaka mitatu kwenye meza ya kaka huyo na mita ya kupimia umeme mkononi. Mwenyekiti alijibu kwamba hakuna aliyemzuia.

Mama Prisca alisema, kwa heshima zote, kwamba Mwenyekiti alikaa stoo kuanzia Jumamosi hadi Jumanne akifunga waya, na stoo ina mlango mmoja. Atupele alikuja mara nne, akaona viatu vya baba mkwe kizingitini, akarudi. Mwenyekiti alisema hilo hakulijua. Katibu anaandika alivyosema.

KUMB. NA. 4/97: KUWASHA MASHINE
Mwenyekiti alisema maneno yametosha. Aliagiza Lutufyo awashe jenereta, ili wenye hofu waone kwa macho yao. Katibu alipinga. Alipinga tena kwa sauti ambayo anaiombea radhi. Jenereta iliwashwa.

Mwenyekiti aliweka kidole kwenye swichi ya amplifaya. Hapo ikasikika sauti dirishani: "Baba, usiwashe. Naomba usiwashe."

Ni Atupele. Ana miaka kumi na moja katika nyumba ile, na hakuna aliyewahi kumsikia akimsemesha mzee. Mama Prisca alishika mdomo. Lutufyo alizima jenereta bila kuagizwa.

Mwenyekiti aliondoa kidole. Kisha alisema, bila kugeukia dirisha: "Sema, mwanangu. Nakusikia."

Atupele alieleza, amejifunika khanga uso mzima. Namba ya omu ni jinsi spika inavyouzuia umeme. Ikiwa ndogo, umeme unapita kwa wingi. Mbili za nne zikiungwa sambamba zinakuwa omu mbili, kama zizi lililofunguliwa milango miwili kwa pamoja. Nyuma ya mashine pameandikwa isipewe chini ya nne. Zikiungwa kwa kufuatana, hasi ya kwanza iingie chanya ya pili, zinakuwa nane, na mashine itakuwa salama. Na karatasi ile ya sigara itolewe, kwa sababu yenyewe haikatiki; kitakachokatika ni mashine.

Mwenyekiti aliuliza: "Macho yangu hayaoni waya vizuri siku hizi. Utaingia uzifunge?" Kisha Mwenyekiti aliinuka, akatoka, akakaa kwenye migomba akiwa ameupa mlango mgongo.

KUMB. NA. 5/97: MAJARIBIO
Atupele aliingia, akafungua fyuzi nzima kutoka pindo la khanga, akafunga waya upya. Lutufyo alipiga nyimbo tatu. Alilalamika kwamba sauti imepungua kidogo, na ni kweli imepungua. Katibu aliweka kiganja juu ya amplifaya kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ilikuwa vuguvugu tu.

KUMB. NA. 6/97: KUFUNGA
Mvua ilikuwa imeanza. Mwenyekiti aliombwa aingie afunge kikao kwa sala. Alisimama kizingitini, amelowa. Atupele aligeukia ukuta lakini hakutoka. Mwenyekiti alianza sala mara mbili, na mara zote mbili akaishia njiani. Mama Prisca alimalizia. Kikao kilifungwa saa 11:25 jioni.

Andongwisye                    Jotham
MWENYEKITI                     KATIBU