Rangi Isiyotoka kwa Kusugua

Mama mpendwa,

Ninakuandikia kuomba ruhusa. Nataka kubatilisha agizo ulilomwachia Wairimu kuhusu meno yake, na kwa kuwa agizo ni lako, nimeona si adabu kulibatilisha bila kukuarifu kwanza.

Tangu ulipotuacha mengi yamesogea. Nilihitimu shahada ya afya ya jamii, nikavaa joho lililonizidi urefu, na Baba akapiga vigelegele mwenyewe kwa sababu, alivyosema, "mwenye kazi hiyo hayupo." Sasa nimo katika mafunzo ya kazi kwenye kliniki moja hapa Ruiru, nimepanga chumba Mwiki, na azma yangu ni kuongoza idara nzima siku moja. Wairimu anaishi nami na yuko gredi ya nane. Ananifikia sikioni. Katika picha zote za mahafali yangu amefumba mdomo.

Unakumbuka meno yake ya ukubwani yalivyoota: yenye madoa ya kahawia, tofauti na yangu. Ulihuzunika sana. Sufuria zako zilikuwa fahari ya mtaa; hakuna masizi yaliyowahi kuushinda mkono wako, ukaamini na madoa hayo yangesalimu amri. Ukamsagia mkaa, ukauchanganya na chumvi, ukamnunulia mswaki mgumu kuliko yote sokoni Thika. Kila jioni ulisimama naye kando ya karai. "Sugua, mwanangu. Uchafu hauogopi maji, unaogopa mkono."

Hata wodini, siku ile ya mwisho, hukumtajia masomo wala kanisa. Ulimwambia, "Usiache kusugua meno." Ameyashika maneno hayo kama wosia.

Na anasugua, Mama. Anakamata mswaki kwa ngumi, anakwenda kushoto na kulia kama anayekwangua sakafu, mpaka mate yanakuwa mekundu. Shuleni wanamuuliza, "Wee Wairimu, ulikunywa chai ukasahau kumeza?" naye akirudi nyumbani anaongeza nguvu. Nilijaribu kumweleza kwa utaratibu, nikaanza na muundo wa jino. Akanikatiza: "Dada, hii si baraza ya chifu. Mama alisema nisugue."

Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari wa meno. Alimwangalia, kisha akauliza alikulia wapi na alikunywa maji gani. Nikamwambia kwamba mimi nililelewa Gitothua kwa maji ya mfereji, lakini Wairimu alizaliwa baada ya sisi kuhamia shambani Thika, akakua akinywa maji ya kile kisima kirefu. Daktari akatikisa kichwa. Maji ya visima vingine yana madini mengi ya floridi, na mtoto akiyanywa wakati meno yangali yanaundwa ndani ya ufizi, meno hutokea na rangi hiyo. Si uchafu. Rangi imo ndani ya jino lenyewe. Kinachotoka kwa mkaa na chumvi ni gamba gumu linalolikinga jino, na ufizi wake umeanza kurudi nyuma. Yako matibabu ya kuyafunika madoa, lakini kwanza ufizi upone.

Akamwonyesha namna ya kupiga mswaki. Mswaki uwe laini, dawa ya meno kiasi cha punje moja ya minji. Aushike kwa vidole kama anayeshika kalamu, auinamishe pale jino linapokutana na ufizi, azungushe polepole, nje na ndani, kwa dakika kama mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Kisha ateme, asisukutue kwa maji mengi.

Wairimu alisikiliza yote kwa utulivu. Tulipofika langoni akaanza kulia. Nikadhani ni ufizi unamuuma. Akaniuliza, "Kwa hivyo Mama alinidanganya?"

Mama, nina shahada. Jibu la floridi nilikuwa nalo, la gamba la jino nilikuwa nalo. La hilo nimekuachia wewe.

Ule mswaki laini uko dirishani, haujaguswa. Anaendelea na ule mgumu uliomnunulia. Nadhani anaogopa kwamba akilegeza mkono, atakuwa amekuachilia na wewe.

Juzi nilikuwa nikikaanga vitunguu, mafuta yakanirukia, nikakumbuka siagi. Kule Gitothua kila aliyeungua aliletwa kwako, nawe ulimpaka siagi kwa imani kamili. Kisha muuguzi mmoja wa kanisani kwetu akakueleza kwamba siagi hushikilia joto, na kinachofaa ni maji baridi. Hukubishana. Jioni hiyo hiyo ulipita mlango kwa mlango: "Ile siagi yangu muiache. Nilikuwa sijui, sasa najua." Jirani mmoja akakutania, "Ai, Mama Njeri, na sisi uliokwisha kutukaanga?" Ukacheka kuliko yeye, mpaka ukashika ukuta.

Wairimu hakumjua mama huyo. Alimjua mama mgonjwa, ambaye kila neno lake lilisikika kama la mwisho. Ndiyo maana hawezi kuamini kwamba ungeweza kukosea na bado uwe unampenda. Mimi nakuamini, Mama. Ungeyajua haya ya maji, ungeuchukua mswaki ule mgumu kwa mkono wako mwenyewe ukautupa, ukapita kuwaambia majirani wote wa kisima. Kwa sasa Baba amepita badala yako. Ameweka bomba la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati hadi kwenye tangi, na watoto wadogo wa majirani sasa wanakunywa hayo.

Pumzika kwa amani, mama yangu. Ninakuahidi kwamba sitamlazimisha. Nimemwomba twende pamoja nyumbani Thika, naye amekubali bila kuuliza sababu. Nitamsimulia habari ya siagi mbele yako, kisha nitasogea kando, nimwache akuulize mwenyewe lile aliloniuliza mimi. Tungojee. Ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri, hapo kaburini.