Moteri Isiyo na Chapa

Jumatatu, 3 Agosti 1959

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Tata Nkulu amenitumia mtu: niende garajini kwake, kuna viti vya kushona. Nikadhani viti vya lori. Kumbe ni motokari ya mbio — MG ya Mwingereza, kijani, usukani upande wa kulia, zamani ilitoka Ndola. Viti viwili tu. Ngozi imepasuka kwenye mishono yote, na turubai la juu limeoza. Ni fupi sana. Nikisimama kando yake naitazama kwa juu, kama mtu anayetazama kitanda.

Mwenyewe ni Henri Tshibangu, Mukasai mwenye duka karibu na soko la Manika. Aliinunua kwa injinia mmoja wa mgodi aliyerudi Ulaya kabisa. Tata Tshibangu ni mnene. Alipojaribu kuingia, Omer akamuuliza kwa adabu zote: "Tata, hii motokari unaingia mu ndani, ao unaivala?" Omer ndiye mchomeaji vyuma wa Nkulu. Ana mvi, na mdomo haujazeeka. Hata Tshibangu alicheka.

Nimepima viti. Kazi nzuri. Mwezi wa kumi itatimia miaka miwili tangu Kisimba wangu afariki. Watu wakiniuliza kama sitaolewa tena nawajibu cherehani ndiyo mume wangu, nayo hainuni.

Jumanne, 4 Agosti

Kuna shida. Ofisi ya serikali haitoi plaki ya namba mpaka fundi aandike kwenye karatasi chapa ya moteri, injini yenyewe, na namba yake. Karatasi irudi Jumamosi asubuhi. Tshibangu anaitaka motokari kwa sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano, dada yake anaolewa. Nkulu asipoweza kuitambua moteri, itapelekwa kwa fundi Mzungu. Nkulu alikaza mkanda wa suruali.

Akafungua boneti. Nilikuwa nafumua kiti cha kushoto, namwona vizuri. Funguo za inchi hazikushika hata nati moja. Akachukua za milimita — zikashika. "Ngozi ni ya Mwingereza," akasema. "Moyo hauko wake." Kibati cha fabriki, chenye jina la kiwanda, kimeng'olewa, yamebaki matundu mawili. Na kila kitu kimepakwa rangi ya kijivu.

Omer alisema ni ya Mjerumani. Kabla ya saa sita ikawa ya Mfaransa. Baada ya kula ikawa ya ndege. Nkulu akamwambia endelea tu kutaja, dunia haina nchi nyingi hivyo, mwishoni utapata.

Jumatano, 5 Agosti

Leo wameifungua yote. Wameitandaza juu ya magunia, kipande kwa kipande, kwa mpango, kama mali ya bibi harusi.

Sijui moteri. Lakini najua uso wa mtu anayeona kazi nzuri, maana mimi mwenyewe nikiona mshono wa fundi stadi nausogelea. Nkulu alikuwa hivyo. Alipitisha kidole ndani ya tundu la pistoni, akafumba macho. Akamwita Omer apitishe chake. Omer akapitisha, na mara hii hakuwa na mzaha.

Halafu jambo la ajabu. Nkulu alimtuma Tshibangu alete mizani ya dukani, ile yenye sahani mbili. Pistoni nne, kila moja na mkono wake wa chuma. Akaweka moja huku, moja huku. Mizani ikasimama. Akabadilisha. Ikasimama. Zote nne, kila moja na mwenzake — mizani haikuinama hata kidogo. Akatuonyesha mahali ambapo mtu alikwangua chuma ndani, pasipoonekana, kidogo kidogo, mpaka zikalingana. Fabriki haifanyi hivyo, alisema. Fabriki haina muda. Huyu alikuwa anapenda.

Omer akasema basi ni Mutaliano. Muntu mweusi, alisema, hana mizani ile mu mikono. Nkulu akasema: "Mwenye kufunga moteri namna hii, kwanza ananawa mikono sawa padri. Mchanga moja tu, kazi yote inakufa. Ananawa mbele ya kazi, ananawa nyuma ya kazi, mpaka mu makucha."

Sindano ikanichoma.

Mwaka wa hamsini na tano, wakati wa baridi kama huu, Kisimba alikuwa akichelewa kurudi. Wiki nyingi. Na anarudi na mikono safi. Mwanamume wa atelye ya pampu, karakana ya mgodi, jua limezama, makucha yanang'aa, ananuka sabuni na petroli kidogo. Amenawa kwa nani? Nilijiambia najua. Sikumuuliza. Wiki tatu niliweka bukari, ugali wetu, mezani na kwenda kukaa nje. Alikula peke yake. Kila siku alisema aksanti mama, kwa sauti ya kawaida, kupitia dirisha.

Mafundi wote hunawa mikono. Nimejiambia hivyo njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, 6 Agosti

Ngoja niandike polepole.

Nilikuwa nimeinama ndani ya gari napigilia ngozi. Nkulu alikuwa anakwangua rangi ya kijivu ubavuni mwa moteri. Akasema iko namba. Akaisoma kwa Kifaransa, arobaini na moja, sabini na tatu, ili Omer aiandike kwenye pakiti ya sigara: "Quarante et un, septante-trois."

Na mimi nikasimama na kuitika: "Niko!"

Kwa sauti. Nyundo mkononi.

Wakanigeukia. Omer akauliza: "Mama Mbuyu, kumbe weye njo moteri?" Wakacheka, nami nikacheka. Nikasema nilidhani wananiita.

Walikuwa wananiita kweli. Miaka tisa nilisimama kwenye mstari wa posho katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na karani hakuwahi kutuita kwa majina. Alituita kwa namba za waume zetu. Quarante et un, septante-trois — niko. Unga, maharagwe, mafuta, samaki wa chumvi. Mtu akiiita namba hiyo kaburini kwangu nitaitika.

Nilingoja Nkulu aende kunywa maji, nikaenda kuitazama. 4173. Ile 3 haina mkia. Chuma cha Kisimba cha kupigia namba kilivunjika ncha, naye hakukibadilisha. Sufuria zangu zote zina namba hiyo na mkia huo uliokatika, maana kwenye bomba la kambi sufuria zilikuwa zinahama zenyewe. Nimerudi nyumbani nimegeuza moja. Ni ile ile.

Kwa hiyo ndiko alikokuwa akinawa.

Nilishindwa kula. Sikulia pia. Nimekaa na sufuria mapajani kama mjinga.

Ijumaa, 7 Agosti

Nilifika kabla ya Omer. Nikamwambia Tata Nkulu yote. Namba, posho, mstari. Ya mikono nilimwambia pia, sijui kwa nini. Hilo sijamwambia hata dada yangu.

Nkulu akafuta kigoda kwa kitambaa chake cha shingo, akanipa nikae. Akasema: "Kisimba wa atelye ya pampu. Stanislas. Nilimuona mara moja tu, ku mazishi ya mwenzake wa kazi. Hakusema kitu." Kisha akanieleza, kama anayenisomea barua. Mwili wa moteri ni wa pampu ya maji ya mgodi, ile inayotupwa ikipasuka. Palipopasuka amepaziba, na kiraka hakionekani mpaka upitishe ukucha. Pistoni amezikereza mwenyewe. Kichwa amekikata na kukitengeneza upya ili ipumue kama ya mbio. Hakuna kitabu chenye moteri hii. "Mi natafuta chapa siku nne. Haiko na chapa. Iko na baba."

Injinia alimwagiza, naye akafanya baada ya kazi. Hivyo ndivyo Nkulu anavyofikiri. Nami pia.

Lakini alipomaliza kusifu, uso wake ulibadilika. Namba ya mfanyakazi haikuwekwa kwa heshima. Kila aliyefunga mashine alipiga namba yake ili mashine ikifa wajue wa kuadhibu. Ofisi ikiandikia mgodi, mgodi utauliza: mashine yetu ilitokaje getini? Injinia yuko Ulaya. Aliyebaki na namba ni Kisimba. Watasema mwizi, naye hawezi kujibu.

Omer alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alikwenda kwenye sanduku lake akarudi na tupa. Akasema dakika mbili tu, mama, namba inaondoka, tunaandika moteri haijulikani. Tshibangu atapata plaki yake kwa kuomba omba. Aliitoa tupa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Nkulu akasema: "Mwenye neno ni weye."

Niliomba kwanza waifunge na kuiwasha. Walifanya kazi mpaka saa tisa. Kabla ya kuanza Nkulu alinawa mikono. Omer naye alinawa, bila kuambiwa, mpaka kwenye viwiko.

Ikawaka kwa jaribio la pili. Haikupiga kelele. Nilitazamia kelele. Ilivuma chini chini, sawasawa, na Nkulu akasimamisha sarafu wima juu ya kichwa cha moteri, na sarafu haikuanguka. Tshibangu, mtu mzima, alijifuta macho akasingizia vumbi.

Wiki tatu nilimnunia kwa ajili ya kitu hiki. Mwenzangu alikuwa na furaha kubwa namna hii, akaja nayo nyumbani mikononi, nami nikakaa nje.

Nilimwambia Omer airudishe tupa sandukuni.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandika kwenye benchi la ofisi. Tumekaa watatu, Tshibangu amechukua nafasi ya wawili.

Karatasi tuliijaza hapa hapa. Nkulu anasoma, ila mkono wake wa kuandika ni mzito, akaniomba mimi, mtoto wa shule ya masista. Namba ya moteri: 4173. Juu yake kuna mstari wa chapa. Nkulu akasema andika Kisimba.

Nikamtazama. Akasema fabriki zote ni majina ya batu tu, walianza na baba mmoja mwenye mikono.

Tshibangu alinong'ona: "Mama, mi naomba plaki tu, sitake musiba." Lakini hakunizuia. Nikaandika kwa herufi kubwa. KISIMBA. Ni neno zuri kwenye karatasi ya serikali.

Karani, kijana wa hapa mwenye miwani, aliipitia kwa kalamu. Akasimama kwenye mstari ule. Aliuliza Kisimba ni fabriki ya wapi, Ujerumani? Nkulu akajibu: "Ya hapa." Karani akatutazama mmoja mmoja, akaipeleka karatasi kwa bwana wake, akafunga mlango.

Imepita nusu saa. Nimesikia jina likisomwa mle ndani kwa ulimi wa Kizungu. Likasomwa tena. Kisha sauti ya mtu anayezungusha simu.

Tshibangu anauliza kama simu ni nzuri ao mbaya. Nkulu anasema simu ni simu.

Karani ametoka. Hana karatasi mkononi. Anasema bwana anauliza huyu Kisimba yuko wapi, kwa sababu mgodini wanasema namba wanaijua na wanamtaka. Nkulu anamuuliza wanamtakia nini. Karani anasema hakuambiwa. Sauti yake haina hasira, wala haina kicheko.

Anauliza tena, nani hapa anaweza kumjibia. Nkulu ametazama chini. Ananiachia mimi. Ninafunga daftari nisimame, niitike niko —