Ngoma Iliyotoka Ghalani

Mhunze, Agosti 1974

Kaka Jilala,

Shikamoo. Huku hatujambo, pamba tumeshauza.

Jumatatu katibu wa tawi alitangaza kuwa kesho yake wanakuja wageni, na wanataka mashindano ya ngoma. Kana kwamba ngoma huchumwa kama mchicha! Nilikusanya wachezaji mpaka sauti ikanikauka, lakini ngoma kubwa ni yako tu, ile baba aliyoifungia ghalani ulipokimbilia dhahabu Geita. Nani angeiomba? Jina lako hatulitaji mbele yake.

Asubuhi nikamkuta uani, akiipasha moto ngozi ikaze. Aliipiga mwenyewe, mpaka watazamaji wakawahama wapinzani wetu, wakaja kwetu wote.

Hakuirudisha ghalani. Ameiweka chumbani kwako, na kitanda chako amekiwamba kamba mpya.

Mdogo wako,
Mbuke