Lomenen Ameng'oa Nanga

Daniella, acha kupika kwanza usome hii.

Unajua leo watu wa Lomenen walikuwa watoke Kakuma waje hapa Lodwar kuniposa. Asubuhi ananiandikia: "Mpenzi, tumeng'oa nanga!"

Nanga! Na mchanga wote huu!

Mama akachinja mbuzi. Wajomba wakavaa kofia zao za manyoya, wakakaa.

Jua likafika utosini, hakuna mtu. Naangalia status yake, ako kwa kinyozi. Kinyozi wa Kakuma, Daniella! Povu bado liko kwa shavu!

Nikampigia. Eti, "Akiru, kung'oa nanga ni kuanza kujipanga."

Kujipanga! Kwani darasa la sita tulifundishwa nini mimi na wewe? Meli ikishang'oa nanga imeondoka. Hairudi bandarini kunyolewa ndevu.

Mjomba Ebenyo akauliza, "Hiyo meli yao inavutwa na punda?" Nilikosa pa kuficha uso.

Sasa ndio wamefika. Kidevu kinang'aa kama sufuria mpya. Anauliza wajomba wako wapi.

Nikamjibu kwa heshima, "Wameng'oa nanga kutoka Lorugum. Kaeni hapo muwangoje."

Wako nyuma ya nyumba, wanamaliza mbuzi.

Mjomba amesema, "Akinuna, arudi kwao. Akivumilia, tutaongea."

Nachungulia dirishani. Jua linampiga usoni na hajalalamika. Sasa amesimama, anamsogezea mama yake kiti kivulini.

Daniella, nafikiri nitamwekea mguu mmoja wa mbuzi.

Ule mdogo.