Mkwe Ndani ya Kompyuta

Rosa mwanangu, koma kumwita binti yako mvivu! Ulinituma Kawangware nimrudishe nyumbani, nami simrudishi. Nafula anatengeneza mchezo wa kompyuta, ila kijana wa ndani yake alikuwa anaruka mitaro tu, majirani wakiujaribu wanapiga miayo. Nikamuuliza, "Huyu ana watu kwao?"

"Hana, kukhu," mjukuu wangu akanijibu.

"Basi mpe mama mkwe!"

Sasa kijana anabeba maji, na mkwe akitokea lazima ajifiche wasikutane, ndiyo heshima, kama mumeo anavyonikimbia mimi. Jana wapangaji wa ploti nzima walijaa chumbani wakipiga kelele, "Jifiche, mjinga, mkwe huyo!" Nafula alicheka hadi machozi.

Mungu akutunze, mgongo wako upone. Mwambie mumeo binti anabaki, tena umwambie kabla hajala, maana akishashiba hasikii.